Kozi ya sola ya wikendi, Sinza: juu ya paa nyota tano, darasani nyota mbili

Tangazo lao limebandikwa kwenye nguzo kuanzia Shekilango mpaka Mwenge: "Badili kazi, pambana na mabadiliko ya tabianchi. Ufungaji wa sola, wikendi tu. Ajira zipo." Jina la kituo sitalitaja, maana vituo vya namna hii vimekuwa vingi hapa Dar es Salaam na tangazo ni lile lile, kinachobadilika ni namba ya simu. Namwandikia mtu anayelisoma akiwa dirishani kwenye daladala, anajiuliza kama laki nne na nusu yake itarudi. Itategemea anaingia na nini mkononi. Kufunga sola wanafundisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Kubadili kazi hawafundishi kabisa, na hilo ndilo waliloandika kwa herufi kubwa.

Mimi nilikuwa wakala wa forodha, Kurasini, zaidi ya miaka kumi. Natoa mizigo bandarini: magari, vipuri, matairi, na ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipokolea, majenereta. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi, na mimi nilikuwa napitisha kontena la mashine za kuunguza dizeli huku redio ya ofisini inatangaza Jangwani hapapitiki. Mama yangu mdogo alikuwa mkazi wa bondeni kule. Mafuriko ya Desemba 2011 yalimtoa, akaishia Mabwepande na masufuria yake. Basi, sababu ya kutaka kuhama nilikuwa nayo. Njia ndiyo sikuwa nayo, na tangazo la kwenye nguzo liliniahidi njia.

Kituo chenyewe kipo ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Viti vya plastiki, feni mbili, moja inazunguka. Juu ya paa kuna paneli nzuri kabisa zinazowasha taa za mapokezi na televisheni. Umeme ukikatika, darasa linaendeshwa na jenereta la petroli lililofungwa mnyororo uani. Wanafunzi walicheka, mwalimu naye akacheka. Chini kuna mama ntilie ambaye maharage yake ya nazi ni sababu tosha ya kufika mapema, kwa sababu saa saba yameshaisha.

Nianze na kizuri, nacho ni mzee anayefundisha vitendo. Ni fundi wa zamani, alianza kufunga sola kwenye vituo vya misheni mikoani enzi ambazo paneli ya wati 50 ilikuwa mali ya padri. Hana haraka na hana maneno mengi. Siku ya kwanza hakutugusisha hata waya. Alitupa karatasi, akatuambia kila mmoja aandike vitu vyote vya umeme vilivyomo nyumbani kwake na saa vinazowaka, "na msinidanganye, wala pasi msiifiche." Halafu akapiga hesabu ya nyumba ya kawaida ubaoni. Friji dogo, tuseme uniti moja kwa siku, uniti ile ile ya LUKU, yaani wati-saa 1,000. Feni ya wati 60, saa kumi. Taa tano za wati 9, saa tano. Televisheni ya wati 60, saa tano. Jumla inafika wati-saa 2,125, uniti mbili na kidogo. Unagawanya kwa 0.7 kwa sababu umeme mwingine unapotelea kwenye waya, betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO. Inakuja kama 3,000. Hiyo unaigawanya kwa saa za jua kali la siku, na yeye kwa Dar anatumia nne na nusu ili miezi ya mvua isimwaibishe kwa mteja. Unabaki na wati 670 na ushee. Paneli mbili za 350, mwisho wa mjadala.

Hesabu hiyo peke yake ingeokoa hela za watu wengi ninaowafahamu. Jirani yangu Tabata aliuziwa mfumo "wa nyumba nzima" ambao friji likiwaka, taa zinakonyeza. Sasa najua kwa nini. Na kwenye betri ndiko kuna maumivu zaidi: zile za asidi ukizitumia zaidi ya nusu ya ujazo wake unazifupishia maisha, wakati za lithiamu unaweza kutumia mpaka asilimia 80 ya ujazo wake bila shida. Kwa hiyo mbili za asidi za volti 12 na ampea-saa 200, ambazo kwa macho ni mzigo mkubwa wa kutisha, ukitoa nusu isiyoguswa zinakupa wati-saa 2,400 tu. Muuzaji hakuambii hivyo. Yeye anakuonyesha ukubwa wa boksi.

Somo lililofuata lilikuwa Kariakoo, na hapa nampa mzee nyota zake zote. Alitupeleka madukani, tukiwa kundi, akatuambia tusinunue kitu na tusimseme muuzaji yeyote, tutazame lebo tu. Jua la kipimo cha kiwandani ni wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sasa zinageuza kama asilimia 20 ya hizo kuwa umeme. Maana yake, mita moja ya mraba inakupa wati 200 hivi, na ukikuta kipaneli ambacho hakifiki hata mita moja ya mraba kina lebo ya wati 300, lebo hiyo ni hadithi. Tuliziona hadithi kadhaa siku hiyo. Kijana mmoja wa darasani alitaka kubishana na muuzaji, mzee akamvuta shati: "Mwanangu, wewe umekuja kujifunza, yeye amekuja kula." Tukaondoka.

Juu ya paa sasa. Kituo kina paa la mfano lililojengwa chini, na ukilimudu hilo unapandishwa nyumba ya mteja wa kweli. Dar ipo kama nyuzi saba kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli inatazama kaskazini, lakini mzee hakuishia hapo kama wanavyoishia wengi. Alitueleza kwamba kuanzia kama Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la saa sita mchana linapita upande wa kusini, kwa hiyo mwinuko mkubwa huku kwetu hauna faida. Unaweka nyuzi kumi hivi, lengo kubwa likiwa mvua ioshe vumbi badala ya kutuama. Joto nalo ni adui ambaye watu hawamtaji. Paneli hupimwa ikiwa na nyuzijoto 25; juu ya bati la Dar inafika 65 bila kuombwa, na kwa kila nyuzi inayozidi inapoteza asilimia 0.35 au karibu na hapo. Piga mwenyewe: nyuzi 40 za ziada, asilimia 14 zimekwenda, paneli yako ya 350 imekuwa ya 300. Ndiyo maana anakataza kuilaza paneli juu ya bati. Anataka upana wa kiganja upite upepo.

Alitufundisha kutoboa bati kwenye mgongo, siyo kwenye bonde maji yanakopita, na kutafuta papi kwa kugonga na kusikiliza, maana ukifunga kwenye bati tupu bila mbao chini, upepo wa kusi utakuletea paneli uani kwa jirani. Wanaofunga Kigamboni na Msasani anawakazia bolti zisizoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi inakula bolti za kawaida na fremu ya alumini inabaki inacheza. Haya huyakuti kwenye video za mtandaoni, nyingi zimepigwa kwenye nchi za vigae.

Ningeweza kuishia hapo na kutoa nyota tano. Lakini kozi ina nusu ya pili, ya Jumapili, nayo imeandikwa kwenye ratiba "Tabianchi na Fursa za Ajira". Hapo ndipo nilipoona hela yangu inayeyuka.

Mwalimu wa Jumapili ni kijana msomi, mpole, na anasoma slaidi. Slaidi zina dubu wa barafuni, zina ramani za Ulaya, zina grafu ambayo hakuna aliyeielewa na hakuna aliyeulizwa kama ameielewa. Saa nyingi tumeambiwa kwamba dunia inapata joto. Tunajua, tumekaa chini ya feni isiyozunguka. Nilichotaka kusikia ni hapa Dar kazi zenyewe ziko wapi, na katika hizo zipi zinapunguza moshi kweli na zipi zinapunguza bili ya mtu tu.

Kwa sababu si kitu kimoja. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na umeme mwingi wa gridi yetu sasa ni wa maji na gesi. Ukimfungia sola mtu wa Mikocheni mwenye TANESCO, umemsaidia siku za kukatika umeme, na hongera, lakini kaboni uliyoizuia ni kidogo. Ukiifunga mahali ambapo jenereta lilikuwa linanguruma kuanzia saa kumi na mbili jioni, kisiwani au kijijini ambako nguzo hazijafika, hapo umefanya kazi ya tabianchi. Nilimuuliza mwalimu swali hilo. Akasema ni swali zuri, akaenda slaidi inayofuata.

Na jikoni je? Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo huo mwisho. Jiji hili linakula mkaa usiku na mchana, na magunia yake ni misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Mtu wa mauzo, mtu wa mikopo midogo, fundi wa majiko ya presha ya umeme, wote wana kazi humo bila kupanda paa. Bonde la Msimbazi lina mradi uliopitishiwa mkopo na Benki ya Dunia mwaka 2022, wa kudhibiti mafuriko na kupajenga upya Jangwani. Kazi kama hiyo inataka wapimaji, wathamini wa nyumba, wahandisi, watu wa kukaa na wananchi na kuwaeleza fidia yao. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, na kanuni za biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni uliyoizuia, zilitoka 2022. Hakuna hata moja ya hizi iliyotajwa Jumapili zote nilizokaa. Kwao tabianchi ni sola, na sola ni paneli mbili na inveta.

Halafu kuna cheti. Soma hapa taratibu kama unafikiria kujiunga. Cheti wanachotoa ni cha kuhudhuria. Kinapendeza, kina muhuri wa dhahabu, na hakikuruhusu kufunga umeme wa mtu kihalali. Leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina madaraja, na inataka vyeti vya fani vinavyotambulika pamoja na uzoefu. Mapokezi ukiwauliza wanakujibu "ndiyo hiyo hiyo, dada." Siyo hiyo hiyo. Mwenye cheti hiki peke yake akiingia kwenye boksi la umeme la mtu, kwa sheria ni kishoka mwenye muhuri wa dhahabu. Mzee wa vitendo alilisema wazi siku ya kwanza, tena kwa hasira. Ofisi ingemsikiliza, tangazo lingebadilika.

"Ajira zipo" ikageuka kuwa kundi la WhatsApp. Humo wanatuma vibarua: kesho saa moja Goba, anatakiwa msaidizi mmoja, elfu ishirini na chakula. Ukiwa kijana huna mtoto shuleni, udeiwaka huo ni njia ya kuingia, na wapo waliopanda kwa njia hiyo. Kwa mtu aliyeacha mshahara, siyo ajira. Na hakuna siku waliyokaa na sisi kutuuliza mtu mzima anahamaje: akiba ya miezi mingapi, kodi ya nyumba nani analipa wakati unajifunza, aanze Jumamosi huku ameshikilia kazi yake au akate kamba. Ukiwa na watoto wawili na mkopo wa SACCOS, hilo ndilo somo lenyewe.

Darasani tulikuwa mchanganyiko, na ukitazama nani amefaidika utaelewa kozi hii ni ya nani. Aliyefaidika kuliko wote ni fundi umeme wa Buguruni, ana cheti chake cha VETA na miaka ya kuvuta waya. Alichokosa ni hesabu za betri na uzoefu wa paa, akavipata, wiki chache baadaye alikuwa anafunga kwa jina lake. Wa pili ni muuguzi wa zahanati moja nje ya mji. Yeye hakuja kubadili kazi hata kidogo. Friji lake la chanjo linatakiwa likae kati ya nyuzijoto 2 na 8, na alichoka kumsubiri fundi kutoka mjini kila betri inapolegea. Sasa anapima mwenyewe, anasafisha vichwa vya betri mwenyewe, anajua lini aite mtu na lini asiite. Kwangu mimi huyo amefanya kazi ya tabianchi kubwa kuliko sisi wengine, na hakuacha hata siku moja ya zamu. Aliyetoka mtupu ni kijana mwenye digrii ya mazingira aliyedhani cheti kitamfungulia mlango wa shirika. Amebaki na deni la ada.

Na mimi? Juu ya paa sifai sana; magoti hayataki na nyundo hainipendi. Lakini siku moja alikuja mwalimu mgeni, mwenye kampuni ndogo ya kufunga sola, akachelewa, akaomba radhi kwamba kontena lake la betri za lithiamu limekwama bandari kavu na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Wenzangu walisikitika. Mimi nikamwomba anionyeshe karatasi wakati wa chakula.

Niliziona shida kabla sahani ya wali haijafika. Betri za lithiamu ni mzigo hatari wa daraja la 9, zina namba yake, UN 3480, na lazima ziambatane na karatasi ya usalama ya mtengenezaji. Ankara yake ilisema "betri" basi, kama za redio. Msimbo wa forodha wa lithiamu ni 8507.60, wao walikuwa wameandika wa betri za asidi. Paneli zilizokuwa kwenye mzigo mwingine walizitangaza kwa 8541.40, msimbo wa zamani, wakati tangu 2022 paneli zina 8541.43. Vitu vidogo kwa mtu wa Kurasini. Kwa mfunga sola ni wiki nzima mzigo umelala, na wateja waliokwishalipa wanapiga simu.

Alinipigia jioni ile ile. "Dada, wewe unataka kupanda paa la nini?" Sasa nipo kwake. Nashughulikia mizigo, stoo na wauzaji wa nje, mshahara umeshuka karibu robo ukilinganisha na zamani, na kazi yenyewe ni ile ile niliyokuwa naifanya, makaratasi na misimbo na kugombana na mawakala wa meli, tofauti ni kilichomo ndani ya kontena. Kituo kinaniweka kwenye orodha ya "wahitimu walioajiriwa". Sawa, lakini ofisi yao ya ajira haikuhusika, na ndiyo maana nasema hakifundishi kubadili kazi: palikuwa na watu darasani wenye uhasibu, ununuzi, udereva wa malori, hata mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuulizwa anajua nini tayari. Wote tulikabidhiwa kofia ya fundi.

Sijui kama ningekutana na yule bosi bila kulipa laki nne na nusu. Na hesabu za mzee bado nazitumia: muuzaji wa nje akinitumia paneli ya vipimo vya ajabu, naipima mita zake za mraba kabla sijajibu barua pepe.

Kwa hiyo: ukiwa fundi umeme mwenye cheti, nenda, tena usichelewe. Ukiwa na friji la chanjo, pampu ya maji, kuku wa mayai au chochote kinachotegemea umeme, nenda Jumamosi tu. Jumapili kaa nyumbani na familia, na dai ada ya nusu, wanakubali ukisimama imara. Ukiwa mtu wa ofisi unayetafuta mlango wa kuingilia, hiyo hela kwanza nywea chai na watu wa kampuni za sola, za majiko na za bajaji za umeme, uwasikilize wanalalamikia nini, ndipo uamue.

Ada wanapokea kwa mafungu matatu hata kama bango linasema mawili, na risiti ya fungu la kwanza uidai hapo hapo. Viatu viwe vya soli ya mpira. Zamu ya paa omba ile ya saa moja asubuhi, kwa sababu ikifika saa nne bati la Sinza halishikiki kwa mkono mtupu na glovu za kituo zipo jozi mbili kwa darasa zima.